Mbwa wa Denari Moja

Bistra, 8 Januari 2004

Ndugu yangu Duko,

Nakuletea salamu za sikukuu, ingawa za mwaka huu zimeingia nyongo. Mimi mwili wangu mzima. Baba yu hai, anaota moto, ila kusema hasemi. Nawe natumaini u mzima huko Malmö, wewe na huo mgongo wako. Utaona mbele kwa nini safari hii naiuliza hali yako kwa moyo na si kwa desturi.

Simu sikupigi. Kwenye simu sisi hugombana salamu hazijaisha, na karatasi haimkati mtu kauli.

Sasa sikiliza. Tangu uondoke, kila mkesha wa Noeli yetu ya Januari, usiku wa Badnik, ni mimi ninayekanda mkate na kutia denari ndani, na baba ndiye anayekata. Vipande sita: cha Mungu, cha nyumba, cha kondoo, chako wewe uliye ughaibuni, cha baba, na changu. Na tangu uondoke, miaka minane mfululizo, denari imeangukia kipande chako. Nyumba haijapata. Kondoo hawajapata. Mungu mwenyewe hajapata. Mimi niliyeanza na kondoo kumi na mmoja na sufuria ya kuazima, ambaye leo jibini langu linaliwa mpaka mji mkuu, Skopje, sijapata hata mara moja.

Mwaka huu nilikaa nikapiga hesabu nyuma ya lebo ya jibini. Sita mara sita mara sita, hivyo hivyo mpaka nane. Ni nafasi moja katika milioni moja, laki sita, sabini na tisa elfu, mia sita na kumi na sita. Yaani Mungu awapange foleni karibu watu wote wa nchi hii, afumbe macho, amguse mmoja, na huyo mmoja awe fundi lipu aliyeko Uswidi, asiyekuja kwao hata kiangazi. Nikasema, hii si bahati. Hii ni mkono wa mtu.

Kwa hiyo mwaka huu sikutia denari. Niliuoka mtupu, nikakaa nitazame.

Baba akauzungusha mkate mara tatu kama ada. Halafu akauzungusha tena. Nikakiona kidole gumba chake cha kulia, chini ya mkate, kinapapasa kama mtu anayetafuta kupe kwenye kiwele. Hapo miaka minane yote ikanifungukia. Huisikia denari kwa kidole, kisha hukata ili iwe yako. Safari hii kidole hakikupata kitu. Akatia mkono mfukoni mwa kizibao, akakohoa, akakata.

Nilikwisha kasirika. Nikakinyakua kipande chako kabla hajakivunja. Nikamwambia, "Baba, wa mbali ameshiba. Huyu aliyelinda zizi ndiye hajala." Nikamrushia Balan, mbwa wetu.

Balan huyu ni mjukuu wa yule unayemjua, na kwa ulafi ni yule yule. Alifunua kinywa mara moja tu. Baba, na miaka yake themanini na miwili, aliruka kama kijana. Akatia mkono kooni mwa mbwa mpaka karibu na kiwiko. Hakuna kitu. Akaketi juu ya majani makavu tuliyotandika kwa sikukuu, akasema neno moja: "Umemzika."

Wajua maana yake. Kipande cha msafiri hukaa mbele ya sanamu takatifu mpaka arudi. Anayepewa mbwa kipande chake ni yule asiyerudi tena. Bibi alifanya hivyo kwa babu Naum, baada ya habari kuja kwamba ukuta umemwangukia huko Romania. Nilijua, Duko. Hasira ilinitangulia.

Vipande vingine tulivivunja, vyote vitupu. Sawa, sikutia. Halafu baba akaugeuza mfuko wa kizibao, na ile denari yake haikuwamo; alikuwa ameichomeka kwenye kipande chako. Ile anayomtolea kila mgeni na kusema, "Huyu ni Balan wangu." Unaukumbuka mwaka wa tisini na tatu, noti za masifuri zilipokatwa, mia ikawa moja, zikaja sarafu mpya na wanyama wake: shakwe kwenye nusu, samaki wa Ohrid kwenye mbili, paka-mwitu kwenye tano. Na kwenye denari moja, ambayo hata kiberiti hainunui, mbwa wetu wa milimani amesimama, na upande wa pili jua. Baba husema yule bwana wa mjini aliyekuja zizini na penseli alimchora Balan wa kwanza, siku mbili nzima. Watu wanamtania, "Mzee Tase, mbwa wako kapata kazi serikalini." Yeye hacheki. Hatoki nyumbani bila denari hiyo.

Basi leo Balan yumo kwenye denari, na denari imo ndani ya Balan. Mbwa hali. Baba naye hali, ila chai. Ameniashiria kwa mkono kwamba hatagusa chakula mpaka asikie u hai.

Niandikie upesi.

Dada yako,
Velika


Bistra, 22 Januari 2004

Ndugu yangu Duko,

U hali gani? Nauliza na sipati jibu. Huku theluji imefika dirishani, kondoo wazima, mimi nimekonda. Baba anakubali chai na vijiko viwili vitatu vya mchuzi wa maharagwe, basi.

Nimevunja kiapo, nimepiga simu. Kwenye namba yako anaitika mwanamke, anasema maneno ya Kiswidi, kisha kimya. Nikapiga tena, maneno yale yale, sauti ile ile. Ni mashine. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia, nikamwonyesha mtu wa posta Debar. Akasema, "Huenda namba haitumiki tena." Kisha akaniangalia usoni, akaongeza, "Au amehama, dada."

Balan alianza kutapika. Nikampakia kwenye gari la jibini mpaka kwa Refet, daktari wa mifugo. Baba akang'ang'ania kuja, kakaa nyuma na mbwa, katikati ya mitungi ya maziwa. Tulipotaka kumvua Balan ule mkanda wa shingo, ule wa miiba ya chuma wa kuzuia mbwa mwitu, baba akaushika kwa mikono miwili, akakataa. Refet akasema, "Muache mzee. Tutapiga picha hivyo hivyo."

Picha ikatoka. Refet akaiinua dirishani. Tumboni duara moja nyeupe, safi, kama mwezi. Halafu akaileta karibu na pua. Shingoni, ndani ya mkanda, chini ya miiba, kulikuwa na duara nyingine. Zimepangwa mstari mmoja.

"Mama," akaniambia, "mbwa wako ana akiba kunizidi mimi."

Nilizihesabu. Nane.

Nikaingiza vidole chini ya ngozi ya mkanda, nikazigusa. Zimeshonwa kwa uzi wa katani, mshono wa baba, naujua. Nikamtazama baba. Akatazama ukuta.

Duko, kila mwaka baada ya sikukuu baba alishuka Debar akisema anakwenda kukupostia denari yako. Mimi mwenyewe nilimpa nauli. Je, uliwahi kupokea hata moja?

Niandikie. Hata matusi.

Dada yako,
Velika


Bistra, 6 Februari 2004

Ndugu yangu Duko,

Salamu zangu sijui zinamwangukia nani, lakini nazituma. Natumaini u mzima. Nimeandika sentensi hiyo maisha yangu yote bila kuisikiliza.

Refet alimpasua Balan. Nilimuuliza bei, akasema, "Kondoo wawili." Nikamwambia, "Kwa denari moja?" Akasema, "Kwa mbwa mmoja." Nikalipa bila kubisha, nawe wajua mimi kutobisha ni ugonjwa. Balan yu hai. Anatembea kama bibi harusi kwenye barafu, lakini anakula. Denari nimeioshea maji moto na majivu, iko mezani mbele yangu. Imekuwa nyeusi ukingoni.

Nilidhani mbwa akipona baba atakula. Hakula. Jana jioni nikamwekea bakuli, nikakaa mbele yake, nikasema, "Baba, sitaondoka hapa. Niambie. Kwa nini yeye kila mwaka? Mimi nimekosa nini?"

Kisha akafungua kinywa, mara ya kwanza tangu Badnik.

"Mwaka ule baba yangu alipokuwa Romania," akasema, "denari iliangukia kipande cha kondoo. Tukafurahi. Tukasema, mwaka huu watazaa mapacha. Walizaa mapacha."

Nikamwambia, "Sawa, baba. Lakini kuna mimi pia. Miaka minane."

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini theluji ni nyeupe.

"Wewe nakuona," akasema.

Basi. Akajifunika koti, akageukia moto.

Nimekaa na maneno hayo tangu jana na sijui niyaweke wapi. Nikiyageuza huku yananikera, nikiyageuza kule nalia. Na namba ya kuyapimia sina. Wewe wanijua, mimi hupima kila kitu: maziwa, chumvi, siku za jibini kukomaa. Sasa mimi nisiyeamini mkate wala denari naamka alfajiri kuisubiri gari ya posta ambayo haiji kabla ya adhuhuri, na kila nikifumba macho naona ukuta.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Neno moja linatosha. Mzee anaisha.

Dada yako,
Velika


Malmö, 14 Februari 2004

Kwa dada Velika,

Salamu. Mimi ni mzima. Simama hapo hapo, usisome zaidi. Nenda kamwambie baba, kisha urudi.

Umerudi? Haya.

Barua yako ya kwanza ilinifikia katikati ya Januari. Niliisoma kwenye ngazi, na koti la kazi bado mwilini. Nilipofika pale uliposema "nikamrushia Balan", sikuendelea. Niliikunja nikaitia mfukoni. Velika, nilikuwa na umri wa kutosha kumsikia bibi akisimulia alivyompa mbwa kipande cha babu. Nilikaa kwenye ngazi ile kama mtu aliyesoma tangazo la kifo chake mwenyewe na kukuta jina limeandikwa sawasawa. Nikasema, kumbe kwetu wamemaliza nami. Wiki ile ile nikahama chumba, simu nikaikata, sikumwachia mtu anwani. Mtu aliyezikwa anwani ya nini?

Barua zako mbili zilibaki kwa mwenye nyumba. Jonče, yule fundi mwenzangu wa Tetovo, ndiye aliyeziona, kaniletea leo kazini. Ndipo nikaitoa na ile ya kwanza, nikaimaliza. Sikujua baba hali. Sikujua. Nilikuwa mistari michache tu kutoka hapo.

Wauliza denari. Sijapokea hata moja. Nilichopokea kila mwaka ni kadi ya baba yenye mstari mmoja: "Denari ni yako, mbwa yuko nawe." Nilidhani ni maneno ya uzee. Wewe umenung'unika miaka minane kwamba hukupata hata mara moja, na mimi sikujua kwamba nimepata mara nane. Sasa hesabu hiyo ipige, wewe unayejua hesabu.

Kutokuja kwangu si kiburi. Kwanza sikuwa na karatasi. Nilipopata karatasi, sikuwa na uso.

Nilimsimulia Jonče habari ya mbwa. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Anasema mjomba wake huko milima ya Šar naye huapa kwamba mbwa wa denari ni wake, na jirani wa mjomba wake pia. "Kwetu," anasema, "kila mlima una mzee mwenye mbwa wa denari. Basi benki ilichora kundi zima." Nilitaka kumtetea Balan, nikakosa ushahidi.

Nina swali moja, na ulijibu kwa ukweli. Ulipokirusha kile kipande, kuna hata punje ya moyo wako iliyotaka iwe hivyo?

Mdogo wako,
Duko


Bistra, 24 Februari 2004

Ndugu yangu Duko,

Salamu, ewe mzima. Nimeliandika neno hilo na kulitazama.

Nilifanya ulivyosema. Nilisimama pale pale kwenye theluji na bahasha imechanika nusu, nikakimbia zizini. Baba alikuwa anamkuna Balan karibu na mshono.

"Baba, Duko mzima."

"Kasema nani?"

"Kasema mwenyewe. Mwandiko wake huu."

Akaichukua, hakuwa na miwani, akainusa. Kisha akasema, "Hayo maharagwe yako bado yapo?" Alikula bakuli mbili na mkia wa samaki mkavu, akaniambia chumvi haitoshi.

Swali lako. Ndiyo, punje moja ilikuwamo. Ilikaa kwa muda wa kipande kutoka mkononi mwangu mpaka kinywani mwa mbwa. Kilipotua, nilikwisha jua nimefanya nini. Sina jibu zuri kuliko hilo, na sitakutengenezea.

Sasa kaa, maana na mimi nilihitaji kiti.

Baba alipokwisha kula nikataka kumchekesha. Nikamsomea maneno ya Jonče, kwamba kila mlima una mzee wake. Nikaweka denari mbele yake nikasema, "Mwambie huyu wa Tetovo, baba. Mwambie huyu ni nani."

Akaiokota. Akaigeuza kwenye mwanga, upande wa mbwa, upande wa jua, upande wa mbwa.

"Si Balan," akasema.

Nikadhani hakusikia. "Baba?"

"Si Balan. Hakuwa Balan kamwe. Yule bwana wa mjini alikuja kuchora paa za nyumba. Balan alimng'ata suruali, siku mbili akakaa ndani akingoja ishonwe."

Duko, nina lebo elfu nne zimechapishwa, zimelipiwa, zimeandikwa "Jibini la Balan, mbwa wa denari". Nimewaapia wenye maduka wa Skopje nikiwatazama machoni. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata Balan aliinua kichwa, kwa nini alidanganya kijiji kizima miaka yote hiyo.

Akaiweka denari kiganjani pangu, akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake.

"Mtoto anakwenda kwa watu asiowajua," akasema. "Sina cha kumpa. Nina denari tu, na juu yake kuna mbwa. Sasa mbwa wa wenyewe atamlindaje mwanangu? Ilibidi awe wetu."

Hapo nikakumbuka. Mwaka wa tisini na tatu, sarafu zilipotoka, baba hakuwa na hadithi yoyote. Aliitazama denari kama sisi wengine, akasema mbwa kachorwa vizuri. Hadithi alianza kuisimulia vuli ile ulipopanda basi. Aliisimulia sana, kwa kila mtu, mpaka wote tukaamini, na nadhani alitaka mbwa mwenyewe aamini.

Nikamuuliza, "Na zile nane kwa nini hukuzituma?"

"Posta wanaiba," akasema. "Kwa Balan nani ataiba?"

Nikamuuliza na lebo nizifanyeje. Akasema, "Endelea kubandika. Mbwa hajui kusoma."

Mkanda sikuufumua wala sitaufumua. Mshono ni wa baba, denari ni zako. Julai, siku ya Mtakatifu Petro, watu wa ughaibuni wanarudi kama zamani, nyumba zinafunguliwa. Uso kama huna, njoo bila huo. Leta kisu kidogo, uzi wa katani ni mgumu.

Dada yako,
Velika


Bistra, 9 Januari 2005

Ndugu yangu Duko,

Salamu za sikukuu kwako na kwa Jonče, mwambie mjomba wake asalimike na mbwa wake. Sisi wazima wote. Baba anakohoa na kulaumu, yaani mzima. Balan tangu uje Julai umpunguzie mkanda amekuwa na maringo. Ile denari moja uliyomwachia shingoni inagonga chuma akitembea, tunajua alipo hata kwenye ukungu.

Mkate niliukanda mimi. Nilitia denari moja, ile iliyotoka tumboni mwa mbwa, nikaisukuma kwenye unga na macho nimefumba, nikauzungusha ubao ili nisijue iko wapi. Kwa haki.

Baba akakata. Cha Mungu, kitupu. Cha nyumba, kitupu. Cha kondoo nilikivunja punje punje kabla hakijamkaribia mnyama yeyote, kitupu. Kisha akakishika chako. Akakivunja, hakuna kitu, akakirudisha mbele ya sanamu pole pole, akasema, "Anazo zake."

Akavunja cha kwake. Kitupu.

Nikakitia changu mdomoni kama mtu anayekula mkate tu, na jino likagonga.

Niliitoa nikaiweka mezani. Ule ukingo mweusi, yule mbwa asiye wetu. Baba alikuwa ameinama anafuta kisu. "Hongera, binti," akasema, bila kuinua macho.

Nafasi moja katika sita, Duko. Si ajabu hata kidogo, mtu yeyote anaipata. Lakini mkate wetu huokwa juu ya majivu na chini yake huwa na masizi, na kidole gumba cha baba cha kulia kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo.

Sikupiga hesabu. Denari iko mfukoni mwangu.

Dada yako,
Velika